Chumba Namba Mbili Kina Mwenyewe

Jumatatu, 20 Julai 1959. Konde.

Salamu zimefika kutoka Unguja. Mama mkwe wangu, Bi Mwanapili, macho yanazidi kumfunga. Daktari kampangia kumpasua mwanzo wa Agosti. Yeye hataki kusikia habari ya kisu mpaka kwanza amuone Moza, mjukuu wake wa mwisho, ambaye hajapata kumtia machoni tangu azaliwe. Ati akipasuliwa na kiza kikabaki, basi angalau awe na sura ya mtoto moyoni.

Mke wangu Mwatum kalia mpaka uji ukaungua. Nikamwambia anyamaze, meli ya wiki ijayo tunakwenda sote. Kanyamaza. Kisha katoa sharti: dekini hakanyagi tena na watoto. Safari iliyopita mwanetu Jaribu, ambaye sasa ana miaka mitano na akili za kima, alikutwa kwenye shimo la mizigo kichwa chini, ikaonekana miguu tu. Mwatum anataka chumba. Chumba chenye mlango. Mlango wenye komeo. Bila hicho haendi, na mamake atamlilia huku huku.

Chumba cha melini! Mimi, Mbarouk, fundi cherehani wa barazani kwa Premji mwenye duka! Lakini kuchagua ndiyo kazi yangu. Huchagua vifungo kila siku.

Jumanne, 21 Julai.

Nimekwenda Wete kwa gari la abiria, nikapanda mashua mpaka melini, nikaviona vyumba vyote. Viko vinne. Namba moja kiko juu ya mashine: kitanda kinatetemeka kama kina homa. Namba tatu kimepakana na jiko, na Kazija wangu, wa miaka mitatu, akinusa samaki wa kukaanga hutapika hata nanga haijang'olewa. Namba nne hakina dirisha na mlango wake unafungukia ngazi. Jaribu na ngazi! Namba mbili ndicho. Vitanda vipana, dirisha la duara linaloleta hewa, komeo juu kabisa asipofika mtoto.

Nikapima na kibla, maana sitaki wanangu walale wameielekezea Maka miguu. Vitanda vimekaa sawasawa. Nikashukuru. Nikatoka kunywa maji. Kurudi, kibla kimehamia mlangoni! Kumbe maji yanajaa na meli imezunguka kwenye nanga yake. Baharia mmoja kanikuta katikati ya chumba nimenyoosha mikono, kaniuliza kama naumwa.

Kificho, karani wa tiketi, kanipa habari mbaya. Namba mbili kinatakwa pia na Premji. Premji huyo huyo ninayeshona barazani kwake! Anakwenda arusini Unguja na mkewe Shardaben na watoto wao wawili. Atakayewahi Jumatatu na nauli ndiye. Nauli yangu bado imo ndani ya suruali za skuli ambazo sijazishona.

Alhamisi, 23 Julai.

Nimepata hila. Tena safi, haina hata uongo ndani yake.

Asubuhi Mzee Shaame kapita na dele lake la kahawa. Premji alikuwa ndani anapima khanga, masikio yako nje. Nikamuuliza Mzee Shaame kwa sauti, je, kazipata habari za chumba namba mbili cha melini? Kasema hajazipata. Nikatazama huku na huku, nikapiga kikohozi, nikasema: kina mwenyewe.

Basi. Neno moja tu. Mzee Shaame kaweka kikombe chini, kasoma Ayatul Kursiy. Premji ndani kaacha kupima.

Sikumtaja jini. Mwenyewe ni mimi! Akija mtu siku ya kiyama kuniuliza, nitamjibu hivyo hivyo. Nimeshona suruali nne kwa furaha.

Ijumaa, 24 Julai.

Neno limetembea kuliko mimi. Baada ya sala, nje ya msikiti, watu wa Msuka walikuwa wanaeleza kuwa mwenyewe ana ndevu. Mwengine kasema miguu ni ya mbuzi. Mtu wa tatu ana binamu yake aliyelala humo akaamka amegeuzwa, kichwa kilipokuwa miguu. Nilitaka kusema kuwa hiyo ni meli iliyozunguka, nikajizuia.

Alasiri Premji kaniambia taratibu, bila kuniangalia, kwamba amepeleka mtu Wete kubadilisha. Anachukua namba nne. Ngazi si kitu, kasema, watoto wake wapole.

Nimeshinda! Nikamwonea huruma kidogo. Nikamtilia kifungo cha koti bure.

Jumamosi, 25 Julai.

Nimejipalia makaa.

Mwatum alikwenda hitimani kwa shangazi yake. Karudi kakunja uso, kavua buibui, kakaa kitako, kanitazama. Kaniuliza chumba nilichowachagulia wanangu ni namba ngapi. Nikakohoa. Kauliza tena. Nikasema mbili.

Sijapata kumuona vile. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema tu kwamba mtoto wa miezi saba hamlazi kwa jini, na dekini hakanyagi, basi ndiyo imeshakuwa, mamake hatomuona Moza. Akaenda kulala na watoto. Mimi nimekaa na suruali za skuli.

Jumapili, 26 Julai.

Nimekiri. Naam! Nimemwambia yote: hila, Premji, kahawa, na kwamba mwenyewe ni mimi.

Hakuamini hata neno moja. Kasema, "Ati mwenyewe ni weye! Weye una miguu ya mbuzi?" Kasema anajua mie namtuliza tu kwa kuwa nimeshatia nia ya chumba, na ukaidi wangu ni wa kwetu sote tangu babu. Ukweli ndio mara ya kwanza nautumia wiki hii, na haukufaa kitu.

Nikenda kwa Shehe Abrahman, nikamwomba aje amwambie Mwatum kuwa hakuna jini. Shehe kafumba macho. Kasema yeye hawezi kulisema hilo, kwani huyo wa namba mbili anamjua, tena anamjua na jina. Ni wa ukoo mzuri, kasema, ila hapendi watoto.

Nilirudi nyumbani mbio kidogo. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 27 Julai. Wete.

Nimefika na nauli kabla ya wote. Nitamwonyesha Mwatum tiketi, nikajiambia, akiiona atalegea. Kificho kanitazama kwa masikitiko. Namba mbili hakiuzwi. Mabaharia wamekataa kukifagia tangu Ijumaa, nahodha kachoka nao, kakitia kufuli. Nikamuuliza namba moja: kimechukuliwa. Tatu: kimechukuliwa. Nne: Premji. Imebaki deki.

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba yale maneno ya mwenyewe huenda si kweli. Kasema yeye pia alidhani hivyo, mpaka alipoelezwa kuwa Jumanne ile, kabla ya maneno yote haya, baharia alimuona mtu humo ndani, kasimama kati, kanyoosha mikono, hasemi.

Nilikaa gatini muda mrefu. Nilimkumbuka Bi Mwanapili alivyonipokea siku ya kuposa, mimi na viatu vya kuazima, akaniambia mwanangu kaa, na hakuna aliyemtangulia kuniita hivyo katika nyumba ya watu. Na sasa kwa ajili ya ujanja wangu atapasuliwa macho na hajamuona mtoto. Nimeona haya. Sikudhani mtu mzima anaweza kulia gatini mchana. Anaweza.

Jumanne, 28 Julai.

Shardaben kaja nyumbani! Hajapata kuja. Kaja na ladu kwenye sahani iliyofunikwa, kakaa na Mwatum uani. Mimi nikasikilizia nyuma ya mlango, ilhali nyumba ni yangu.

Kumbe namba nne na namba mbili zinatazamana. Shardaben hakulala toka Ijumaa. Mumewe mwoga kuliko yeye, ni kama yuko peke yake na wanawe, mlango kwa mlango na yule, haiwezekani. Anamwomba Mwatum aje na watoto wake wakae naye chumba kimoja. Premji amekubali kukaa dekini na mimi.

Mwatum kafikiri. Kauliza komeo. Lipo. Kauliza ngazi. Shardaben kasema watu wazima wawili, mmoja atakaa mlangoni daima. Kisha Mwatum kacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Kasema watoto watano ndani ya chumba kimoja, jini gani atakayestahimili? Atahama yeye.

Tunakwenda! Nimeingia uani nikajidai nimetoka sokoni.

Jumatano, 29 Julai. Melini.

Kusi linavuma na mvua imetushika tangu tulipotoka mkondoni. Kwanza nilikaa na Premji upande wa mbele, bahari ikatupigia maji usoni. Tukahamia nyuma, moshi. Mzee mmoja aliyejifunika turubali kacheka, kasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Premji kauliza maana yake. Sikuwahi kumweleza kwamba ukenda nyuma na mbele ya chombo, mwisho hurudi tumboni mwake, ametapika juu ya kanzu yangu. Mwema, kaomba radhi kila baada ya wimbi.

Adhuhuri serangi, mkuu wa mabaharia, katuonea imani. Kasema kuna mahali pamoja pakavu, kama tuna moyo. Katufungulia kufuli ya namba mbili.

Premji kageuka papo hapo, kasema mvua haiui. Nikabaki peke yangu mlangoni. Mimi niliyemtunga! Vitanda vikavu, dirisha la duara, hewa safi, chumba changu mwenyewe nilichokichagua. Nikatia mguu mmoja. Ndani kikagonga kitu. Mara moja, kama mtu anayekohoa kabla ya kusema. Nikakumbuka kuwa ni wa ukoo mzuri.

Nimerudi mvuani. Serangi kaona ni ndoo iliyoanguka. Inawezekana.

Upande wa pili, namba nne, walikuwa wanacheka. Nimemsikia Jaribu anafundishwa kuhesabu Kihindi.

Alhamisi, 30 Julai. Unguja.

Tumefika jana magharibi. Bi Mwanapili alikuwa kakaa kwenye kirago, taa mbili pembeni yake kwa ajili ya kuona. Mwatum kamwekea Moza mapajani. Bibi kamsogeza karibu mpaka pua zikagusana, kamgeuza kwenye taa, kamtazama. Moza naye kamshika pua. Hapo ndipo Bibi aliposema, haya, mwambieni daktari nipo tayari.

Nikatoka nje kukamua kanzu. Ilikuwa imeshakauka.

Jumamosi, 15 Agosti.

Alhamdulillahi. Wamemfungua kitambaa. Anaona! Kamtambua Moza mbali, kamtambua Kazija na Jaribu. Kanitazama mimi vizuri, toka juu mpaka chini. Kasema alidhani mimi mrefu.

Sasa marejeo. Meli ni Jumatano, na safari hii Premji na Shardaben wanabaki kwa jamaa zao. Lazima nipate chumba kizima, peke yetu. Majini nimeacha kabisa. Mambo ya majini yana hatari, mtu huishia kuamini. Safari hii nimetumia akili. Nimekwenda kwa karani wa hapa, nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza kwamba watoto wangu wote watatu wana tetekuwanga. Si kweli, Mungu awahifadhi, lakini nani atakayetaka kukaa na tetekuwanga chumba kimoja? Karani kashtuka. Kaandika jina langu na nyumba tunayokaa, kasema atalishughulikia leo hii. Kijana mwepesi sana! Kificho angejifunza kwake.

Hodi mlangoni. Nimechungulia: bwana wa koti jeupe, na karatasi mkononi, na askari mmoja nyuma yake, anauliza kama hii ndiyo nyumba ya Bi Mwanapili.

Nilijua tu. Wameniletea tiketi mpaka nyumbani.