Mkono wa Dhahabu na Ngazi Themanini na Nane

Jumatatu, 3 Juni

Timu ya softiboli ya londri ya hoteli yetu itacheza na waoka mikate Jumamosi. Mrushaji ni mimi. Mwaka wa tatu huu ni mimi. Mkono huu wa kulia umepiga pasi mashuka ya hoteli nzima, na mpira ukitoka humo mpigaji anabaki kupapasa hewa. Nimejipa jina la Mkono wa Dhahabu. Wenzangu hawajalizoea bado.

Mama mkwe anakuja kutazama kwa mara ya kwanza. Siku ya posa aliuliza mbele ya watu kama naweza kitu chochote zaidi ya kuongea. Miaka tisa nimelimeza swali hilo. Jumamosi atapata jibu lake.

Leo shemeji katukusanya kwenye mashine za kufulia. Huyu ni dada mkubwa wa mke wangu, tena msimamizi wa londri, tena kocha. Mungu hakumnyima vyeo. Eti tunarusha kwa mikono peke yake. Eti nguvu ya mpira huanzia ardhini, hupanda miguuni, hupita kiunoni, mkono unakuja kupokea tu. Mkono unapokea tu! Nimemwangalia kwa huruma.

Kwa hiyo wiki hii kila mchezaji atapandisha vikapu kumi vya mashuka mabichi kila siku hadi juu ya paa kwenye kamba za kuanikia. Kwa miguu. Ngazi themanini na nane. Ukishusha kikapu kitupu, unabana kibanio kimoja kwenye uzi wako hapo mlangoni. Asiyefikisha vibanio hamsini hadi Ijumaa harushi.

Nimefikisha viwili. Kikapu cha tatu kiliishia ghorofa ya pili, nami nikiwa nimekikalia. Miguu ni ya kutembelea, tusidanganyane.

Jumanne, 4 Juni

Penye lifti ya mizigo, ngazi za nini? Nimesubiri shemeji aende kunywa chai, nikajipakia mimi na vikapu vinne, nikabonyeza juu. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu ikagoma. Saa nzima na nusu nimekaa gizani juu ya foronya za wageni.

Aliyeniokoa ni Kimbaumbau, binti mgeni kazini, mwembamba kama jina tulilompa, mrushaji wa akiba. Alipanda mbio hadi chumba cha mitambo akazungusha gurudumu kwa mkono, nikashushwa kidogo kidogo kama ndoo kisimani. Aliuliza nilikuwa nafanya nini mle. Nikajibu naikagua. Akasema pole kaka, wala hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi.

Vibanio vya leo: sifuri.

Jumatano, 5 Juni

Wazo limenijia nikiwa kwenye kola ya shati. Kimbaumbau anataka kujifunza kurusha. Mimi sitaki kupanda ngazi. Mbona jambo jepesi?

Nimemwita pembeni. Nikamwambia nimekiona kipaji chake na niko tayari kumfundisha namna ya kufyatua kifundo cha mkono, siri ambayo sijampa mtu. Ada ni kubeba vikapu vyangu. Akauliza, vyote? Nikasema vyote, pamoja na viporo vya juzi na jana. Alikubali upesi mno hadi nikamhurumia. Mtoto wa watu hajui hesabu.

Mchana kutwa nimepiga pasi nikisikia hatua zake ngazini, juu, chini, juu, chini, na vibanio vikijipanga kwenye uzi wangu. Kumi na sita! Na vyake kumi juu yake. Somo la kifundo cha mkono lilichukua dakika mbili, maana kwa kweli siri yenyewe si ndefu.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji kaja kuhesabu. Kwenye uzi wangu kakuta thelathini na vinne. Akasema haamini macho yake. Nikamwambia hata mimi siamini.

Ndipo akataka kila mtu achuchumae mara ishirini, mikono mbele. Kuchuchumaa nilichuchumaa. Kuinuka ndiko kulikokataa. Nikasema natafuta kifungo kilichodondoka. Nimekitafuta dakika nne nzima. Shemeji aliinama tukakitafuta wote, kisha akaniambia polepole kwamba siku ya mechi hakutakuwa na vifungo. Maneno ya watu wenye wivu huwa hivyo, hayaeleweki.

Kimbaumbau alichuchumaa mara hamsini huku anapiga soga.

Ijumaa, 7 Juni

Vibanio hamsini. Nimetangazwa mbele ya wote: mrushaji wa kwanza! Nimempigia mama mkwe mwenyewe. Akasema atakuja na kiti chake.

Mke wangu kaniuliza kama kweli nimezipanda ngazi zote hizo, maana nyumbani kuvaa soksi tu lazima nishike ukuta. Nikamwambia mwanamichezo hahojiwi kabla ya mechi. Baadaye nikamkuta anaifua jezi yangu kwa mara ya pili, anasugua kola kwa mswaki. Anajivunia mume, na haki yake.

Jumamosi, 8 Juni

Raundi ya kwanza nilikuwa moto. Wapigaji watatu, wote nje. Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa anamenya chungwa.

Raundi ya tatu magoti yakaanza kutetemeka. Mkono ulikuwa uleule, naapa, lakini mpira ukawa unadondoka hatua mbili mbele ya mpigaji. Mirusho minne mibovu humpa mpigaji kituo cha bure, basi waoka mikate wakajaza vituo vyote vitatu bila hata kuinua rungu. Kisha mmoja wao akaugusa mpira, ukabingirika taratibu kuja upande wangu. Nikauendea. Akili ilikwenda, mkono ulikwenda, miguu ikabaki nyuma. Nikalala kifudifudi juu ya mpira, na wakimbiaji wawili wakapita wakinipa pole.

Shemeji hakunigombeza. Alinyoosha kiganja tu, nikamkabidhi mpira. Kutoka pale hadi benchi ni hatua thelathini, na zote nilizihesabu. Mke wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Niliona aibu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Akaingia Kimbaumbau. Alikunja magoti, akaisukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, na mpira ukalia paa kwenye glavu ya mdakaji. Hadi raundi ya mwisho hakutetemeka. Tumeshinda sita kwa tano.

Mama mkwe akamuuliza mke wangu yule binti ni nani. Kisha akasema, na uwanja mzima ukasikia, kwamba yule ana miguu, mumeo ana mdomo.

Jumapili, 9 Juni

Sishuki kitandani. Mke wangu kanikanda mapaja kwa maji ya moto, akaniambia kwa upole kwamba yeye hakuolewa na mkono. Kesho nianze tu na kikapu kimoja, kidogo kidogo, atanisindikiza hadi ghorofa ya kwanza. Nikaitikia. Akaniachia chai.

Nimelala nikipima mambo. Aliyeshinda mechi ni Kimbaumbau. Sawa. Kashinda kwa miguu. Sawa. Miguu ile imekomazwa na vikapu vya nani? Arobaini na vinane, vyangu! Kumbe mimi si mrushaji tu, ni mwalimu wa warushaji. Kifua kimenijaa.

Jioni kaja kunijulia hali. Nikamwambia asijisumbue kunishukuru, kesho nitampa vingine. Akasema hapana kaka. Kocha alikuwa amemkataza kuzidisha vikapu kumi, naye alitaka zaidi, ndipo nilipomfuata na vyangu. Sasa kapata alichotafuta. Akasema vilivyobaki nibebe mwenyewe, navihitaji kuliko yeye. Vijana wa siku hizi hawana shukrani.

Lakini yule mlinzi wa geti la nyuma ni mnene, anatweta akifungua komeo, na nimemwona akirusha funguo: kipaji kitupu, kinapotea bure. Mtu wa kumsaidia hajapata. Kesho asubuhi, kabla vikapu havijajaa, nitamwita pembeni.