Begi Likipotea, Tunalipa Mara Mbili

Rogers alikuwa hajanywa hata chai asubuhi aliyowaona wanawake sita wakipimwa madera ya rangi moja kibarazani kwa fundi cherehani, Tandika. Mtu mwingine angeona madera. Rogers aliona safari. Wanawake wa Temeke hawashoni sare bila sababu. Kwa msiba hawa walikuwa wanacheka mno, na kwa harusi hakuna aliyekuwa anamsengenya bibi harusi.

Akanyoosha tai, akageuza kitambulisho cha shingoni upande wenye picha, akasogea na shikamoo mdomoni.

Walikuwa kikundi cha wapika vitumbua. Walidunduliza mwaka mzima ili wakapumzike Mwanza na kula sato ambaye hawakumkaanga wenyewe. Rogers akawaambia kwa huzuni ya mchungaji kwamba Mungu ndiye aliyemleta, maana yeye ni wakala wa bima ya safari. Basi likipinduka, kampuni inalipa. Mtu akiugua hukohuko, inalipa.

"Na begi likipotea?" akauliza Naima, mwoga wao, ambaye hata kitumbua alikigeuza kwa mbali.

"Begi likipotea, dada yangu, tunalipa mara mbili."

Hapo kikundi kikagawanyika. Naima akataka bima hata kabla ya kula mchana. Hamida akasema kukata bima ni kuipigia ajali simu na kuielekeza njia. Wakabishana hadi fundi akasimamisha cherehani asikilize. Mwisho wote wakamgeukia mwenyekiti, Bi Mwanakombo, aliyetunza akiba ya kikundi kifuani mwake, mahali ambapo hakuna mwizi aliyewahi kufika.

Rogers akajua kufuli ni hilo. Kwa jina na lafudhi alikwisha kumsoma: Mzaramo wa hapahapa. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Nani atamnyima mtani? Rogers alizaliwa Tukuyu, na Tabora aliijua kwa ramani ya darasa la tano, lakini kabila halidaiwi risiti.

"Mama, usinikazie hivyo. Mie Mnyamwezi, mtani wako."

Uso wa Bi Mwanakombo ukafunguka. "Kumbe! Ndiyo maana kichwa bapa. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka shingo zikazama mabegani, nawe umekuja kubeba pesa zetu."

Wenzake wakaangua kicheko. Rogers akainama kwa adabu zote za kazi. "Asante sana, mama. Nashukuru."

Bi Mwanakombo akamtazama kidogo. Kisha akamwambia aje nyumbani kwake Jumamosi, watakuwa wameamua.

Jumamosi Rogers akaja na begi lake jeusi. Ndani mlikuwa na mavuno yote ya Goba na Kinondoni, kwa waliokata bima za Zanzibar na Dubai. Benki hakuitaka, mijini siku hizi matapeli wengi. Akishazoa hizi za Tandika, jioni hiyohiyo angepanda basi la Tunduma, na Dar ingebaki ikimsimulia.

Hamida akampokea mzigo mlangoni, kama apokewavyo mgeni yeyote mwenye heshima, akauingiza ndani. Vitumbua vikaletwa. Rogers akala, akasifu, akala tena.

"Tumeamua," akasema Bi Mwanakombo. "Hatukati."

Naima akanuna. Rogers akameza kitumbua na hasira pamoja, akasema basi, wampe begi lake aende.

"Begi gani? La mtani limeshaliwa."

Chumbani wenzake wakapiga ngoma ya kushangilia. Rogers akacheka. Akaona anacheka peke yake, akaacha. Akaeleza kwamba mle mna fedha za kampuni.

"Zamani," akasema mama yule taratibu, "Mnyamwezi akiugua huku pwani, Mzaramo alimuuguza. Akifa alimzika, na mzigo wake akauchukua. Hakuna aliyeshtaki. Hiyo ndiyo bima yetu, mwanangu, na haina wakala."

"Lakini mie sijafa."

"Ndiyo maana tumekupa vitumbua."

Rogers akasimama, akataja polisi. Bi Mwanakombo naye akasimama, akajifunga kanga vizuri. Akasema kituo si mbali, waende wote, wakaulizie na ofisi ya hiyo kampuni ilipo. Au kama yeye si mtani, aseme sasa ni nani, aitwe mjumbe wa nyumba kumi, begi lifunguliwe mbele ya watu. Majirani walikwisha kujaa dirishani.

Rogers akalitazama lile dirisha. Akaketi.

"Mie mtani," akasema, kwa sauti ya mtu anayetia saini hati ya kuuza nyumba.

Bi Mwanakombo akamwinamia sikioni. "Mnyamwezi nikimtukana ananirudishia, mimi na bibi yangu kaburini. Wewe ulisema asante."

Siku ya safari Rogers alikuwa stendi, amebeba sanduku la Bi Mwanakombo kichwani, moja kati ya sita, maana walimwahidi nauli ya kumtoa mjini. Naima akapanda basi, akauliza kama kweli wanaondoka bila bima yoyote.

"Mwenye shida ya bima ni yule pale," akasema Bi Mwanakombo, akitafuta kiti cha dirishani. "Kapotelewa na begi. Lakini asilie, kampuni yake inalipa mara mbili."