Msimamizi wa Ngazi Namba Tatu

Nje ya chumba cha kufungia plasta palikuwa na benchi moja refu, na benchi hilo ndilo lilikuwa ofisi ya Mheshimiwa Faili. Kodi hakulipa, na wateja waliletwa na machela. Jina hilo alipewa na wauguzi kwa sababu ya faili la kijani alilolibana kwapani kutwa nzima. Ndani yake mlikuwa na magazeti ya zamani. Sheria hakuisoma, ila aliivalia tai.

Asubuhi hiyo alimwona fundi rangi akisukumwa na mkewe kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amelala wodini wiki mbili, na sasa mguu ulikuwa umefungwa plasta kutoka nyonga hadi kisigino. Mheshimiwa alidaka maneno mawili tu, "ngazi" na "kampuni", moyo wake ukajaa huruma. Mguu uliovunjikia nyumbani haumsaidii mtu. Uliovunjikia kazini una bosi wa kuulipia.

Kabla hawajafika mlango wa kutokea hospitali alikuwa ameshakuwa ndugu. Alijitambulisha kuwa mtu wa ofisi kubwa ya mawakili, akaeleza kwamba kumpandisha mtu juu kwa ngazi iliyooza ni uzembe, na uzembe una fidia. Hayo yote yalikuwa kweli, maana hata tapeli huteleza mara moja moja.

Fundi alitokwa na machozi. Daktari alikuwa amemwambia hatapanda tena ngazi maishani, naye miaka kumi na saba alilisha watoto kwa kupanda. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, hakulia. Alikuwa na jambo la kusema.

"Kaka, ngazi yenyewe ninayo. Nilimwomba mlinzi wa pale kuni, akanipa. Iko chini ya kitanda, vipande viwili."

"Shemeji, kesi ni makaratasi," alisema Mheshimiwa kwa upole mwingi. "Hiyo pikia."

Fundi alitia sahihi karatasi ya kumruhusu azungumze na kampuni kwa niaba yake. Mshonaji aligoma kutoa ada ya kufungua faili, akasema ikatwe kwenye fidia. Mheshimiwa alimsamehe papo hapo, kwa kuwa fidia hiyo hakukusudia waione.

Mchana huohuo alikuwa ofisini kwa mkandarasi, akimweleza kwamba fundi yuko mkononi mwake na anaweza kunyamazishwa kwa kitu kidogo. Mkandarasi alifunga mlango. Fundi hakumsumbua hata kidogo, alisema. Kilichomnyima usingizi ni afisa wa kazi, ambaye lazima angeuliza nani alikuwa akikagua ngazi kila Jumatatu. Hapakuwa na mtu. Kitabu cha ukaguzi kilikuwepo, kimenunuliwa jana, kitupu. Kikijazwa vizuri kitaonyesha ngazi ilikuwa nzima, na fundi alianguka kwa uzembe wake mwenyewe.

"Mwandiko wako ukoje?" aliuliza mkandarasi.

"Mzee, mimi naishi kwa kalamu."

"Basi wewe ni msimamizi wangu wa usalama, tangu miezi mitatu iliyopita. Hongera."

Mshahara wa miezi yote mitatu ulikuwa kwenye bahasha, kwa kazi ya mchana mmoja. Mheshimiwa hakuwahi kuajiriwa, na cheo kilimpanda kichwani kuliko pesa. Aliketi akafanya kazi kwa moyo wote. Kila Jumatatu aliandika: ngazi namba moja, salama, namba mbili, salama, namba tatu, salama, sahihi. Alibadilisha kalamu, akadondoshea chai ukurasa wa nne, akakunja pembe. Alinogewa hasa, akajaza bila kuinua kichwa mpaka Jumatatu ya wiki hiyo aliyokuwa akiandika.

Kisha akaenda kuwapa pole wateja wake. Kesi imekufa, alisema, kwani kampuni ina kitabu.

"Nani alikiandika?" aliuliza mshonaji.

"Msimamizi wao wa usalama. Mtu makini sana."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa, akamkaribisha maji. Kesho yake alifunga cherehani akaenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, akapata wakili aliyesoma kweli.

Siku ya shauri mkandarasi alimtaka Mheshimiwa aje kuthibitisha kitabu, na mtu aliyetia sahihi kumi na mbili hana pa kujificha. Alijipa moyo kwamba ofisi ya kazi iko ghorofa ya pili, na fundi ana plasta. Afisa, kwa kukosa adabu, aliwasikiliza wote chini, kwenye chumba cha mapokezi.

Fundi alipomwona alifurahi. "Mheshimiwa amekuja kututetea," alimnong'oneza mkewe.

Wakili alimwomba msimamizi asome ukurasa wa mwisho. Mheshimiwa alikohoa, akasoma kwa sauti yake nzuri: Jumatatu, ngazi namba tatu, imekaguliwa, salama. Tarehe ilikuwa ya wiki mbili baada ya ajali.

Mshonaji alifungua gunia, akaweka mezani vipande viwili vya mbao vilivyoliwa na mchwa. Namba tatu ilikuwa imepakwa rangi pembeni, kwa mkono wa mumewe mwenyewe.

Fundi aliitazama ngazi, kisha akamtazama Mheshimiwa. Uso wake ulikuwa na uchungu zaidi ya siku ile hospitalini.

"Kumbe siku ile ulikuwepo kazini," alisema taratibu. "Mbona hukunishikia ngazi, ndugu yangu?"

Mheshimiwa alifungua mdomo. Akisema alikuwepo, yeye ndiye mzembe aliyevunja mguu wa mtu. Akisema hakuwepo, ameghushi kitabu mbele ya serikali.

Afisa aliandika kwamba kampuni itabeba matibabu yote na kumlipa fundi fidia ya ulemavu wa kudumu. Halafu akavuta fomu nyingine, ya polisi, akamuuliza Mheshimiwa jina, akaandika. Akamuuliza kazi yake.

"Andika msimamizi wa usalama," alisema mshonaji, akifunga gunia lake. "Ni mtu makini sana."