Dakika Mbili Zako na Viatu vya Watu

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa wanyama, Mzee wa Dakika Mbili (ndivyo tunavyokuita hapa nyumbani, usikasirike),

Shikamoo. Kwanza hongera kwa makala yako. Uliandika kwamba kumfundisha mbwa hakuhitaji shule wala mwalimu: dakika mbili tu, mara tatu kwa siku, katikati ya kazi zako za kawaida. Nilisoma mara moja, nikaelewa yote. Mimi ni mtu wa kujifunza mwenyewe. Hata pasi ya mama nilijifunza kuitengeneza mwenyewe, na moto ulizimwa mapema.

Tatizo lilikuwa dogo. Mama ni fundi cherehani, anashonea sebuleni. Wateja huvua viatu mlangoni, na mbwa wetu, Katibu, alikuwa anachukua kimoja kimoja akakitafune uani. Jumapili mama akasema, "Nakupa mpaka Jumamosi. Asipoacha, anakwenda kwa mjomba wako." Mjomba ana gereji na mnyororo mfupi. Mbwa wake wa mwisho alisahau hata kukimbia. Katibu nimemlea tangu anaenea kwenye kofia yangu, kwa hiyo utaelewa kwa nini nilikuamini.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Ulisema mbwa akifanya jema apewe zawadi papo hapo. Basi pasi ikiwa inapata moto, ndoo ikiwa inajaa, mama akiwa anatia uzi kwenye sindano, mimi nafundisha: Katibu akirudisha kiatu, kipande cha mkate. Siku ya pili alikuwa ameelewa kuliko mimi. Ili urudishe kiatu, sharti kwanza ukichukue. Hilo hukuliandika. Ulikuwa na haraka?

2. Viatu vya kwetu vikamwishia. Akaenda kwa jirani yetu mwalimu, akaleta raba. Kwa kinyozi, akaleta kandambili mbili, zote za kushoto. Jumanne akaleta buti la askari, Mhariri. Buti! Bado lina joto. Nikampa mkate, maana ulisisitiza tusivunje utaratibu.

3. Jina langu limeharibika. Nazunguka mtaani na mfuko wa viatu, hodi mlango kwa mlango, "Samahani mama, hiki si chako?" Kinyozi ananiita Mguu Mmoja, na limeshika. Dada yangu anasema mwanafunzi akifeli, mtazame mwalimu. Halafu ananitazama mimi, ilhali wa kutazamwa ni wewe.

4. Wenye viatu sasa wanakuja wenyewe, wamenuna, wanachechemea. Mama, utepe shingoni, anawapokea: "Karibu ukae, baba, kinatafutwa. Lakini hiyo suruali mbona inakupwaya? Nani alikushonea, adui yako?" Wanakaa. Wanapimwa. Sebule imejaa, barua hii naiandikia juu ya meza ya kupigia pasi.

5. Jana nikajaribu makala yako ya pili, ile ya kumpa zawadi akipita kitu bila kukigusa. Dakika mbili, tena mbili, tena mbili, kutwa nzima. Kilichobadilika ni mkate. Umekwisha.

Kwa hiyo naomba uje mwenyewe kabla ya Jumamosi, na uje peku. Ukishindwa, basi Katibu ahamie kwako, maana wewe ndiye uliyemsomesha.

Wasalimie wote hapo ofisini, kuanzia anayechora vile vipaka mpaka anayewapikia chai. Waambie wafunge kamba za viatu.

Msomaji wako asiyevunja utaratibu,
Mguu Mmoja

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, Katibu akapita mlangoni. Palikuwa na viatu kumi na kimoja. Hakunusa hata kimoja! Alikuja moja kwa moja, akakaa mbele yangu, macho kwangu. Njia yako ni kiboko, Mzee, futa yote niliyoandika. Nikamwita mama kwa kelele aje aone. Akaja, akaona. Akavitazama viatu, akaitazama sebule, akavua miwani. "Sasa wateja nitaletewa na nani?" Jumamosi ni ileile: Katibu asiporudia viatu, anakwenda kwa mjomba. Dada ameleta mkate mpya, mbwa ananisubiri, na pasi ndiyo kwanza inaanza kupata moto. Ungekuwa wewe, dakika hizi mbili ungemfundisha nini?