Kikohozi cha Kufukuza Foleni

Siku Balozi alipogundua kwamba mapafu yake ni mtaji, alikuwa mtu wa mwisho kwenye foleni ya ofisi ya maji, na ankara ya mama mkwe wake mkononi. Hakuwa balozi wa nchi yoyote. Jina hilo alipewa na mtaa kwa ajili ya koti lake la kijivu, na kwa namna alivyozungumza, kila sentensi ikimtoka kana kwamba imekwisha kupitishwa na bunge. Siku hiyo koti lilikuwa kwenye kamba ya nguo, naye amevaa shati lililochanika begani. Mate yakampalia. Akakohoa, kikohozi cha mtu mzima aliyepaliwa, basi.

Sasa, wiki ile ile redio ilikuwa imetangaza kwamba kuna homa ya mapafu mjini, na kwamba inakwenda kwa pumzi. Balozi alipofuta machozi na kuinua kichwa, mbele yake palikuwa peupe. Foleni nzima ilikuwa imebanana ukutani. Mzee mmoja alijifunika uso kwa ankara yake, na mama mmoja alikuwa amekwisha kumfunika mtoto wake, kisha mkoba wake.

"Wewe! Njoo, njoo upesi ulipe uondoke!" karani alimpigia kelele kutoka dirishani.

Balozi akalipa. Wakati anatoka aliona jambo ambalo mtu mwingine asingelitilia maanani. Watu wale wale waliokimbia pumzi yake walirudi kwenye pipa la maji pale mlangoni, wakanywa kwa kikombe kimoja kilichofungwa mnyororo, kikitoka mdomo huu kwenda mdomo ule, na hakuna aliyekifuta hata kwa kiganja. Kikombe walikizoea. Balozi hawakumzoea.

Mtu wa kawaida angecheka akaenda zake. Balozi alikwenda nyumbani akafanya utafiti, na siku zile hapakuwa na ofisi mjini iliyofanya utafiti kwa bidii kama yeye. Alikohoa benki akiwa amevaa koti, wakamwambia, "Pole, mheshimiwa." Akakohoa pale pale kwa lile shati lililochanika, benki ikawa tupu. Kumbe homa ile ilikuwa inachagua nguo! Na tena inachagua ukoo, kwa sababu nyumbani mama mkwe alikohoa kikohozi cha kweli tangu Jumatatu mpaka Jumatatu, na familia nzima ikala naye sahani moja, kwa kuwa ni mama.

Ndivyo ilivyozaliwa biashara. Mteja mwenye haraka husubiri nje. Balozi huingia, hukohoa, foleni hupasuka, mteja huingia akiwa anatabasamu. Mshirika wake alikuwa Shemeji, mdogo wa kike wa mke wake, mshonaji wa sare za shule. Kazi ya Shemeji ilikuwa kupanga foleni kama watu wengine na kukimbia wa kwanza.

"Jamani, huyu anayo!" alikuwa akipiga ukelele, na baada ya hapo miguu ya wengine haikuhitaji kushauriwa.

"Una kipaji cha kuogopa, shemeji," Balozi alimsifu.

"Sina kipaji, nina shida," Shemeji alijibu. Shida yenyewe kila mtu nyumbani aliijua. Cherehani yake ilikaa barazani, mvua ikinyesha anaivuta ndani, mvua ikikatika anaitoa, na kuku wa jirani walikuwa wamefanya kitambaa cheupe kuwa pa kupumzikia. Shemeji alitaka chumba kimoja chenye mlango wa kufunga. Hakutaka kingine duniani.

Ndipo manispaa ilipomaliza kujenga soko jipya. Vibanda vilikuwa vingi, lakini macho ya mji yalikuwa kwenye kibanda cha kona, kinachotazama lango la shule upande mmoja na barabara upande wa pili. Ikatangazwa kwamba vitagawiwa kwa foleni, wa mbele achague kwanza, kila mtu aje mwenyewe, na hakuna kushikiana nafasi.

"Wewe utawahi, uwe wa kwanza," Balozi alimwambia Shemeji. "Mimi nitakuja dirisha la karani likikaribia kufunguliwa. Nitakohoa, watu watatawanyika, hakuna atakayeona nikiingia mahali pako. Kibanda tutaandika jina langu."

"Kwa nini lako?"

"Uzito wa jina, shemeji. Karani akiliona atasimama."

"Na cherehani yangu?"

"Itakaa ndani. Kama mgeni wa heshima."

"Mgeni?"

"Ni namna ya kuzungumza tu."

Shemeji akatia uzi kwenye sindano, akaukata kwa meno. Balozi aliuchukua ukimya ule kuwa shukrani. Ukweli ni kwamba alikwisha kumwahidi kibanda hicho fundi wa simu, kodi kila mwezi, na cherehani ilikuwa ibaki palepale na kuku.

Wala hakuishia hapo. Mjini alikuwapo Tajiri wa Mchele, mwenye vibanda vinne katika soko la zamani na asiyepata usingizi kwa kukosa cha tano. Balozi alimwendea amevaa koti.

"Mzee, wewe njoo usimame wa pili," alimweleza. "Wa kwanza atakuwa mwanamke mmoja mwoga sana. Nikikohoa atakimbia. Wewe usitikisike. Dirisha litakuwa lako."

"Na homa?" Tajiri aliuliza, akisogeza kiti nyuma.

"Homa gani, mzee? Mimi ni mzima. Ninachouza ni sauti."

Tajiri alifurahi mpaka akamshonea suti. Balozi aliipokea, akijua moyoni kwamba siku ile atakohoa kikohozi ambacho hata aliyekinunua hatakivumilia.

Mpango ulikuwa umekaa vizuri kabisa, ila kukawa na uharibifu mmoja, nao ulitoka kwa wananchi. Waliacha kuogopa. Miezi ilipita, redio ikahamia habari nyingine, na kwa kuwa hakuna aliyezikwa mtaani kwao, watu wakaamua kwamba homa ni ya mtaa wa pili. Katika zahanati wagonjwa waliongezeka. Barabarani barakoa zilipungua. Balozi alikwenda posta akakohoa kwa moyo wake wote. Mzee aliyekuwa mbele yake akageuka na kumpa pipi ya koo.

Alirudi nyumbani amenyauka.

"Watu wamekuwa wazembe, shemeji," alilalamika, kwa uchungu ambao mganga mkuu angeuonea wivu. "Ugonjwa upo! Ugonjwa ni hatari! Hawajali maisha yao?"

"Wanaogopa wakikumbushwa," Shemeji alisema, macho yakiwa kwenye pindo la sketi. "Nesi wa zahanati ana kipaza sauti, hana mtu wa kukitumia. Anatafuta mtu mwenye sauti. Kwa nini usiende?"

Balozi alimtazama kana kwamba amemwona leo. "Shemeji, wewe kichwa chako kinapotea bure kwenye sare."

Basi kuanzia hapo mji ulipata mhubiri wa afya asiyechoka. Balozi alisimama kituo cha mabasi, nje ya shule, mbele ya machinjio, kipaza sauti mkononi, akapaza sauti kuhusu homa mpaka mbwa wakanyamaza. Kusudi lake lilikuwa kutisha, lakini pembeni yake alisimama nesi, mwanamke mfupi asiyependa maneno ya kutiwa chumvi.

"Inaua kwa kupita tu karibu!" Balozi alinguruma.

"Si kweli, rekebisha," nesi alimnong'oneza.

"Narekebisha! Inaambukiza mkikaa karibu, chumba kimefungwa, hewa haipiti. Fungueni madirisha! Vaeni barakoa! Mkikohoa, kohoeni kwenye kiwiko! Mkae mbali, mbali kiasi gani?" Akatazama huku na huku, akaona seremala anapitisha kitanda. "Urefu wa kitanda!"

Watu wakacheka, na waliocheka wakakumbuka. Watoto wakaanza kuimba urefu wa kitanda njiani. Muuza ndoo, mwanamke mwenye sauti kama ya Balozi mwenyewe, akainua mkono. "Mwalimu, mtu akikohoa kwenye foleni, tukimbie?"

Balozi akahamisha kipaza sauti mkono wa pili. Nesi akamtazama.

"Msikimbie," Balozi alisema, kama mtu anayetia saini hati ya kuuza shamba lake. "Mkikimbia mnabanana mlangoni, hapo ndipo mnapopuliziana. Mpeni nafasi, mumkalishe pembeni penye hewa, aitwe nesi ampime." Kisha, kwa kuwa ulimi wake haukuzoea kusema la kweli tupu bila kulipamba, akaongeza la kwake: "Naye atawaambia ni vumbi tu! Wote husema ni vumbi! Msimwamini!"

Makofi yalipigwa. Mtu aliyeitwa mjanja maisha yake yote sasa anaitwa Mwalimu, na akiri asikiri, lilimwingia. Wasiwasi ulimjia usiku mmoja tu, akaufukuza. Tangu lini watu wakafanya walichofundishwa? Hofu ingebaki na mafundisho yangesahauliwa. Alikuwa anawajua binadamu. Kweli alikuwa anawajua, lakini wa mwanzo wa mwaka.

Mtu mmoja tu hakusikia somo hata moja. Tajiri wa Mchele alipita kila siku ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Asubuhi ya ugawaji, Balozi alikunywa chai bila haraka, akavaa shati lililochanika, akaenda. Foleni ilizunguka soko. Mbele kabisa, mkono kwenye ukingo wa dirisha, alisimama Shemeji. Nyuma yake Tajiri alikuwa ameketi juu ya kiti cha kukunja, kizuri, cha turubai nene. Nyuma ya Tajiri, muuza ndoo, kisha mji mzima. Balozi akasogea hadi karibu na dirisha, akajishika kifua, akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha fundi. Kilianza chini, mahali ambapo madaktari wenyewe hawafiki, kikapanda kikikwaruza kila ubavu, kikatoka na filimbi mwishoni. Tajiri wa Mchele alikijua kikohozi kile, alikilipia, alikuwa amekisubiri tangu alfajiri. Lakini miguu yake haikuwapo siku ya makubaliano. Iliinuka, ikaangusha kiti, ikambeba bwana wake hadi ng'ambo ya barabara.

Mmoja, Balozi alihesabu kwa furaha, akageuka kuwatazama wengine wakitimka.

Hakuna aliyetimka. Barakoa zilipanda juu ya pua, kwa mpigo mmoja kama wa gwaride. Mtu kwa mtu wakarudi nyuma urefu wa kitanda. Mlinzi akafungua madirisha yote ya ukumbi wa soko.

"Pole, Mwalimu," muuza ndoo alisema, na machozi yalimlenga. "Umetuhangaikia mpaka umeipata."

"Sijaipata, mama. Ni vumbi tu."

Foleni nzima ikatikisa vichwa kwa huruma.

"Wote husema ni vumbi," alijibu seremala.

"Sikilizeni, jamani, mimi ni mzima kabisa!"

"Sasa mtu mzima anakohoa hivyo ili iweje?"

Swali lilikuwa zuri, na jibu lake lilikuwa la kupelekwa polisi. Watu wakamwelekeza Balozi pembeni penye hewa. Na hapo akamwona nesi, ameketi kwenye benchi chini ya kibaraza, kisanduku cha vipimo magotini, kana kwamba alialikwa.

"Nani amekuita?" Balozi aliuliza, alipokwisha kukalishwa.

"Shemeji yako. Aliniambia huenda leo kukawa na mtu wa kukohoa. Inua pua."

Kijiti cha pamba kilikuwa bado puani dirisha la karani lilipofunguliwa. Balozi alitaka kusimama, mkono wa nesi ukamrudisha. "Tulia, Mwalimu. Watu wanakutazama wewe."

"Shemeji!" aliita. "Jina! Jina, shemeji!"

Shemeji aligeuka, akagusa sikio, akaonyesha barakoa, kwamba hasikii vizuri. Kisha akainama dirishani. Karani hakusimama kwa uzito wa jina la Shemeji. Aliliandika tu, kwa wino mweusi, akapiga muhuri.

"Huna homa," nesi alitangaza baada ya muda. "Uko safi."

"Kwa hiyo naweza kurudi kwenye foleni?"

"Unaweza. Mwisho ni kule machinjioni."

Shemeji alikuja, karatasi kifuani, akasimama mbele ya benchi kwa umbali unaotakiwa.

"Umeniingiza mkenge," Balozi alisema.

"Mimi? Dirisha limefunguliwa, wewe uko benchi. Ningefanyaje, shemeji yangu? Fundi wa simu nilikutana naye juzi, akaniuliza kama rafu za kibanda chake zimekwisha kupigiliwa."

Balozi hakuwa na sentensi. Bunge lilikuwa limevunjwa. Akatazama ng'ambo ya barabara, akamwona Tajiri bado amesimama nyuma ya nguzo ya umeme, leso puani, na moyo wake ukapata joto. Katika mji wote huu ulioelimika, amebaki huyu mmoja. Akainuka, akavuka nusu ya barabara.

"Usije!" Tajiri alipiga kelele. "Nataka kiti changu, kirushe!"

"Kiti nimekikoholea, mzee."

"Basi kichukue! Kichukue, Mungu wangu, na usinijie tena!"

Gari liliondoka kwa vumbi. Balozi akarudi dirishani, akakiokota kiti, akakikunjua, akapapasa turubai. Kiti cha maana kabisa. Hakuwa ametoka mikono mitupu, alijiambia, na alikuwa anainama ili akae juu ya jasho lake, aliposikia sauti ya Shemeji nyuma yake, ya upole sana.

"Hicho kilete dukani, shemeji. Wateja wangu wakija kupimwa sare watahitaji pa kukaa. Na kabla hujakileta, kipanguse kwa sabuni. Watu siku hizi ni waangalifu."