Ndege ya Matanga

Jumapili, 17 Novemba

Restituta bado yuko kwa baba yake Kashozi. Kitanda kimekuwa kikubwa kama uwanja.

Na kosa lenyewe ni dogo. Nilichelewa mazishi ya mama yake. Nilichelewa, sikukosa! Watu hawataki kuona tofauti. Asubuhi ile nilikuwa nagandisha kifuniko cha betri kwenye ndege yangu ya rimoti, gundi ikanishika kidole gumba. Ningefanya nini? Nijichune ngozi? Nilifika Kashozi watu wananawa mikono. Kaburi limeshajaa. Wakwe wote wa kiume walikuwa wametupa udongo wao. Mimi nimesimama pale na kifuniko kimening'inia kidoleni kama beji.

Leo shemeji Jovina, mdogo wake Restituta, amekuja hapa kwangu Kashai na ujumbe. Jumamosi wanaondoa matanga. Restituta anasema nije nikae. Nikija nikakaa, tutarudi wote nyumbani. Nisipokuja, nisijisumbue tena.

Nikamuuliza Jovina, nikae tu? Akasema ndiyo shemeji, ukae tu, hata usiposema neno.

Kukaa! Mtu aliyejifundisha mwenyewe kufungua redio, simu na tivii, bila mwalimu, anaitwa akakae. Hata Rwekaza anajua kukaa. Rwekaza ndiye mume wa Jovina, mwanyumba wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya mazishi alilia mpaka akaanguka. Nilimwona kabla ya kuanguka akitazama kama wa kumdaka wamefika.

Hapana. Udongo niliokosa kuutupa nitaulipa kwa maua, kutoka angani, mbele ya ukoo mzima. Ndege ipo. Kilichobaki ni mlango wa tumboni.

Jumatatu, 18 Novemba

Kazi siku nzima. Ndege nimeichonga kwa yale maboksi meupe ya kupakia samaki. Mabawa sentimita 120 ncha hadi ncha. Vifuniko vitatu: cha juu cha betri, cha ubavuni cha kufikia nyaya za kipokezi, na hiki kipya cha chini. Anayejenga ndege bila vifuniko ni kama anayejenga nyumba bila mlango. Siku kitu kikiharibika ndani, anavunja ukuta.

Kifuniko hukatwa kwa mshazari. Ukikata wima kinadumbukia ndani. Ukishatoboa tundu umedhoofisha mwili, kwa hiyo nimezungushia fremu ya mianzi. Bawaba ni kipande cha picha ya eksirei ya goti langu. Sumaku nimetoa kwenye spika za simu zilizokufa. Mota ndogo itasukuma kifuniko nikibonyeza rimoti.

Nimepima udongo nyuma ya kibanda. Konzi moja, mkono wangu: gramu 210. Maua, konzi moja: gramu 18. Maua yameshinda. Tena yanaonekana vizuri.

Gundi imeisha. Mjini pote, gundi ninayoiamini iko duka moja tu. Najua ni la nani.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda kwa Rwekaza. Duka limejaa wateja. Aliponiona akaita kwa sauti, "Karibu, rubani!" Wateja wakageuka. Fundi mmoja wa mabati akauliza rubani wa wapi, Rwekaza akamwambia wa Kashai, anasubiri abiria. Wakacheka wote.

Gundi alinipa bure. Akasema hiyo ni ya msiba. Sikuipenda hata kidogo, lakini nilichukua mbili.

Akanitangazia kwamba Jumamosi anapeleka mikungu ya ndizi na madumu ya pombe ya rubisi. Akauliza mimi naleta nini. Nikamwambia ataona. Hapo akanisogelea, akapunguza sauti, akasema, "Mwanyumba, wewe njoo tu tukae. Hata mikono mitupu. Mzee anakuulizia kila siku."

Mikono mitupu! Yeye aje na mikungu, mimi nije na viganja. Mtego wazi kabisa. Nikamwambia asante.

Alhamisi, 21 Novemba

Niko Kishanda, Muleba, kwa mama. Nimekuja kujaribu ndege kwenye rweya, ile nyika ya majani nje ya kijiji. Bukoba mjini siwezi kurusha, uwanja wa ndege za kweli uko palepale. Sitaki kesi na serikali juu ya kesi na wakwe.

Ilipaa vizuri sana! Mpaka ilipoanza kukata kona. Upepo ukavuta kifuniko cha tumboni, kikafunguka chenyewe, maua yote yakamwagikia ng'ombe wa mzee Lameki. Ng'ombe wakala. Mzee Lameki akaniuliza kwa upole kama hiyo ni dawa ya kupe.

Chanzo nimekipata: sumaku moja haitoshi. Nimeng'oa mbili kwenye kifuniko cha betri, sasa chini ziko tatu. Juu imebaki moja. Huko juu hakuna upepo wa kuvuta.

Mama hakupendezwa. Alikaa kwenye kibaraza akichambua maharage, akasema, "Aroni, mkweo hakuzikwa angani." Nikamweleza mambo ya mizani, kwamba uzito wote lazima ukae theluthi ya kwanza ya bawa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na kahawa za kutafuna amezifunga kwenye jani la mgomba. Akasema nikifika Kashozi nimpe baba mkwe kwa mikono miwili, niketi, nitafune naye.

Nikapima. Gramu 60. Nikamwambia mama zitavuta pua ya ndege chini.

Mama akaniuliza kama mfukoni nako kuna ndege.

Nimeziacha mezani. Mambo mengine ukianza kuyaeleza hayaishi.

Ijumaa, 22 Novemba

Kashai. Mvua. Nimechuma maua uani kwa mwenye nyumba, Hafidha, kwa ruhusa yake. Aliuliza ya nani. Nikasema ya mama mkwe. Akasema pole, akanichumia mwenyewe yaliyokuwa juu.

Sikufanya kazi tena baada ya hapo. Nilikaa.

Huyu mama mkwe, Consolata, alikuwa na redio ya betri. Kifuniko chake kilipotea, betri alizifunga kwa mpira wa baiskeli. Nilipokwenda kuposa, wazee walinihoji shule gani, kanisa gani, Mlutheri kutoka Muleba anataka nini Kashozi kwa Wakatoliki. Jasho lilinitoka. Mama Consolata akaniletea ile redio palepale, akauliza naweza kuitazama? Nilichonga kifuniko kwa kipande cha ndoo, kwa kisu cha jikoni, wazee wakingoja. Kikaingia, kikasema tik. Akakifungua na kukifunga, akakifungua na kukifunga. Akawaambia, "Huyu ni fundi wangu. Mpeni mtoto."

Kilikuwa kifuniko changu cha kwanza.

Hakuna aliyeniuliza mimi nilipoteza nini siku ya mazishi. Wote walitazama kidole.

Jumamosi, 23 Novemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilifika Kashozi mapema. Nikajificha kwenye nyasi juu ya kibanja chao, lile shamba la kuzunguka nyumba. Chini niliwaona kati ya migomba: mikeka imetandikwa karibu na kaburi, Rwekaza kakaa mbele, nguo nyeupe. Katekista akaanza sala. Nikairusha.

Ilipita juu ya kaburi sawasawa. Nikabonyeza. Hakikufunguka. Nikaizungusha, nikabonyeza tena. Wapi! Mota ndogo ilikuwa inasukuma, lakini sumaku tatu zimeng'ang'ania. Katekista alinyamaza ndege ikipita, akaanza tena ikienda mbali, akanyamaza tena. Watu wote nyuso juu. Nikasema mara ya mwisho, nikaigeuza kwa nguvu.

Kifuniko cha juu kikaruka. Chenye sumaku moja. Betri ikatoka, ikaangukia migombani. Ndege ikanyamaza kabisa. Ikateleza polepole, ikashuka, ikachomeka pua kwenye udongo wa kaburi, chini ya msalaba.

Kutua kwenyewe kulikuwa kuzuri.

Ikabidi niteremke. Rwekaza akajaribu mzaha, "Rubani kafika," lakini Jovina alimtazama, naye akainamisha kichwa. Bawa moja lilikuwa limeachana na mwili. Restituta aliinuka, akapiga magoti, akaichomoa ile ndege udongoni kama mtu anayemtoa mtoto majini. Akaigeuza. Akaingiza ukucha wa kidole gumba pembeni mwa kifuniko.

Tik. Kikafunguka.

Akakinga maua kwa kanga yake, akayatawanya juu ya kaburi la mama yake, polepole, huku na huku, mpaka yakaisha. Nikamweleza kwamba sumaku tatu zilikuwa nyingi mno, zilitosha mbili. Akanipa mwili wa ndege, akanipa na bawa. Halafu akaniambia, "Nafasi yako ile pale. Tangu asubuhi nakushikia."

Kwenye mkeka, kando ya alipokuwa amekaa, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Juu yake wameweka redio ya mama. Nikaitambua. Kifuniko changu cha ndoo bado kipo. Kilibana vizuri, nilikiona kutoka nilipokuwa.

Ndipo baba mkwe, Mzee Lwakatare, akasogea. Aliinama kwa shida, akachota udongo wa kaburi, akaninyooshea. Mkono ulikuwa unatetemeka. Akasema, "Mwanangu, udongo wako bado upo."

Mikono yangu ilikuwa imejaa! Kulia mwili wa ndege, kushoto bawa. Nikamwambia, "Baba, niwekee humo tumboni. Mlango uko wazi."

Akauweka. Akafunga kifuniko yeye mwenyewe, akakipigapiga kidogo kwa kidole kama anayebisha hodi. Akapangusa kiganja kwenye koti, akaondoka.

Restituta akainua redio. Akakunja ile ncha ya mkeka.

Nikatoka na ndege yangu, nikamngoja barabarani ili turudi wote. Nilisikia wakiimba, kisha wakila. Watu wa Rwekaza walitoka na madumu matupu. Pikipiki ya Kashai ilipokuja, nilipanda peke yangu, ndege mapajani.

Jumapili, 24 Novemba

Nimepima ule udongo. Gramu 164. Mkono wa Mzee ni mdogo kuliko wangu, au mwingine ulimwagika kwenye kutetemeka.

Udongo huu ni wangu. Nimepewa mbele ya watu. Ni lazima ufike kaburini.

Jovina alipiga simu mchana. Alikuwa analia, sijui Rwekaza kamfundisha. Anasema jana Restituta hakula kitu. Anasema ameambiwa anieleze neno moja la mwisho: niulete ule udongo leo kwa mkono, Restituta atakuwa kaburini mpaka jioni, peke yake, bila ukoo. Niuweke tu. Basi.

Nikamuuliza Jovina kucha za Restituta zina urefu gani.

Nikamwelezea kwamba jana nimegundua kasoro: kifuniko cha tumboni hakina pa kuingizia ukucha. Mtu akikwama ardhini anahitaji mahali pa kukifungulia, na kipimo kizuri ni kidole chake. Jovina alikata simu. Labda salio.

Kwa mkono! Kwa mkono kila mtu anaweza.

Nimeshaanza kuchora. Ndege mpya, mabawa sentimita 180. Gramu 164 zitapanda bila taabu. Kifuniko cha chini mara mbili kwa upana, sumaku mbili. Cha betri sumaku mbili. Pa ukucha nimekadiria milimita nne. Kutakuwa na misa ya mwaka, ukoo wote utarudi, na safari hii nitapita mara moja tu, kimya, na udongo utashuka wote kwa pamoja mahali pake. Wataona. Restituta ataona.

Maboksi ya samaki nitachukua kesho. Gundi ninayo bado, ile ya msiba.

Kibandani kunavuja, nisingeweza kuiacha ndege ya zamani kule. Kifuniko cha tumboni nimekifunga kwa gundi ya karatasi pande zote, udongo usimwagike. Nimeilaza kitandani, upande wa Restituta.

Inaenea vizuri.