Tano Zaidi ya Thelathini

Jumamosi, 2 Novemba

Saima wangu atalala kitanda cha baba yake kwenye kambi ya uwindaji! Yaani, karibu. Tangu marehemu mume wangu Urho atutoke, kitanda chake kule kwenye kinamasi cha mierezi kimebaki wazi. Leo baada ya ibada shemeji yangu Wilbert, mdogo wa marehemu, kasema msimu huu wa kulungu lazima kipate mtu. Ama Saima, ama Duane, mtoto wa wifi yangu Verna. Ataamua Jumamosi ijayo, wakishapiga shabaha kwenye shimo la kokoto.

Nikautangazia ukumbi mzima kwamba Saima keshachaguliwa. Verna akabana midomo kama kang'ata ndimu. Nikamkumbusha, kwa upole, kwamba binti yangu anaendesha lori la kusukuma theluji, tairi linamzidi kimo, na Duane wake anauza magodoro. Akajibu basi ya vitanda Duane anayajua. Ujinga!

Saima alisema tu kwamba baba yake alimwahidi kumchukua kambini, na mwaka huohuo akafa.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepata akili. Duane ana bunduki ya thelathini-thelathini, ndiyo namba ya risasi zake. Bunduki aliyoacha Urho nayo thelathini-thelathini, ya wenzo, ile unayoikoki kwa kushusha mkono wa chini na kuupandisha. Huku kila mtu anayo, kama viazi. Saima aende na viazi? Thubutu!

Nikaibeba hadi duka la bunduki la Orvo. Nikamwambia nataka ya wenzo vilevile, nguvu ya kati: isiwe ya sungura, isiwe mzinga. Akasema, mama, kulungu wa kinamasini hupigwa karibu, thelathini-thelathini inatosha. Nikamwambia "inatosha" ni neno la akina Verna. Ndipo akaishusha thelathini na tano. Risasi nene, pua butu, bega haliumii sana. Shule sikufika mbali, lakini thelathini na tano toa thelathini najua. Tano zaidi!

Tukabadilishana. Orvo akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamuuliza kama yeye ndiye aliyemzaa Saima.

Jumatano, 6 Novemba

Saima kaja kunywa kahawa. Akaulizia bunduki ya baba yake. Nikasema iko kwa Orvo, inasafishwa. (Si uongo. Lazima kaifuta vumbi.) Akafurahi. Akasema hataki nyingine, ile anaujua uzito wake. Huyu mtoto ana unyenyekevu uliopitiliza. Kaurithi kwa Urho, si kwangu.

Nikampigia Wilbert kumdokeza kwamba Jumamosi ataona jambo. Akasema hapendi kuona majambo.

Jumamosi, 9 Novemba

Maafa.

Nilifika shimoni na bunduki nimeiviringisha kwenye blanketi. Saima akaifungua mbele ya watu. Akaigeuza huku na huku. Nikadhani ni furaha.

Wilbert hakutazama hata shabaha. Aliweka juu ya boneti kopo la kahawa lililojaa risasi, akamwambia Saima achote. Kumbe kambi nzima hula kopo moja, na risasi za humo haziingii kwenye thelathini na tano! Baba mkwe ndiye aliyeweka sheria: mtu akiishiwa kinamasini, mwenzake amgawie. Ndiyo maana wote wana thelathini-thelathini. Miaka yote nawaokea pasti za nyama, nawafulia soksi, hakuna aliyeniambia! Saima anasema baba yake alilisema kila mwaka mezani. Huenda nilikuwa naongea.

Wilbert akauliza hii ni nini. Nikajibu kwa sauti: thelathini na tano! Tano zaidi! Duane akacheka hadi akashika mbavu, akauliza, "Mkaza mjomba, tunawinda kulungu au garimoshi?"

Kitanda kakipata Duane. Wilbert kasema neno lake ni moja. Njiani Saima aliuliza swali moja tu, ya baba iko wapi. Nikamwambia. Akaendesha hadi nyumbani bila kuwasha redio.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekimbilia kwa Orvo kuichukua tena ile ya Urho. Imeuzwa! Aliyeinunua? Verna! Alimwambia Orvo bunduki ya kaka yake haiwezi kukaa dukani kama mkate wa jana. Kisha kaipeleka moja kwa moja kwa Saima, bila kunipitia mimi, mama mzazi! Na Saima kamkumbatia. Bora Verna angempa Duane, ningejua pa kuanzia kumchukia.

Saima kanipigia simu. Sauti ya upole, ile inayouma kuliko kelele. Ijumaa alfajiri, msimu wa kulungu ukifunguliwa, ataingia msituni na wenzake mchana tu, jioni arudi kulala kwake; kitanda labda mwakani. Akasema, mama, nakuomba, safari hii usifanye kitu. Nikaapa. Nikalia juu ya unga wa pasti, ukaharibika.

Jumatano, 13 Novemba

Sikufanya kitu. Nilipita tu kwa Orvo.

Kumbe ipo arobaini na tano-sabini! Namba mbili, zote kubwa! Ya wenzo vilevile. Orvo kasema hiyo si ya kati tena, ni ya dubu aliyetukanwa. Nikamwachia ile ya thelathini na tano, nikaichukua hiyo, nikaenda kuijaribu shimoni. Kofia ilienda upande mmoja, mimi upande mwingine. Naandika kwa mkono wa kushoto. Lakini mlio wake! Verna lazima vikombe vilimtikisika kabatini.

Saima hajui bado. Atafurahi huyo! Nimetoa kuni kwenye sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke uani kwangu, nimepanga vitanda. Kambi yake mwenyewe, kitanda achague mwenyewe. Nimeshapiga simu ukumbi mzima wa kanisa, na Wilbert, na huyo Verna pia, aje ashuhudie kwa macho yake: waje wote keshokutwa, Ijumaa tarehe kumi na tano, alfajiri.